Reli ndogo sebuleni: nianzie wapi?

SWALI: Ninaishi Handeni. Natamani kujenga mfano wa reli unaofanana na wa kweli, lakini nafasi niliyo nayo ni ukuta mmoja wa sebule. Nianzie wapi?
Msomaji, Handeni

JIBU: Chagua stesheni moja, usitamani reli nzima. Kwa jirani zako Korogwe panakufaa sana: reli kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1902, na kwa miaka mingi ilibeba mkonge wa mashamba ya jirani.

Tumia kipimo cha 1:87. Reli ya Tanga ina upana wa mita 1, hivyo yako itakuwa na milimita 12 hivi. Nunua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, uipasue kwa urefu upate vipande vitatu vya sentimita 40, kimoja kinatosha. Behewa la mita 12 litakuwa na sentimita 14. Kichwa na mabehewa matatu yatachukua kama sentimita 65, kwa hiyo njia ya kupishania iwe na sentimita 75 zilizonyooka. Ongeza tawi fupi la kupakilia marobota ya mkonge, basi.

Theluthi mbili za ubao ziachie ardhi. Chekecha udongo mwekundu kwa kichujio cha chai, unyunyize juu ya gundi nyeupe. Nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi hufaa kwa nyasi kavu.

Kabla ya kununua chochote, nenda Korogwe, omba ruhusa stesheni, pima kwa hatua na uchore. Mchoro mzuri utakuokolea fedha nyingi.