INJINI NDOGO YA MIPIGO MIWILI NA HESABU YA MWANGWI

Watu wengi wakisikia pikipiki ndogo ya mashindano ikilia husema, "Ile ina nguvu kwa sababu ina kelele." Ndiyo maana vijana wengine hutoboa bomba la moshi, au hulikata kabisa, wakidhani wameongeza mbio. Neno hilo si kweli. Katika injini ya mipigo miwili bomba la moshi ni sehemu ya injini, kama pistoni ilivyo, na mwenye kulikata hupunguza nguvu badala ya kuiongeza. Nimeona yafaa nieleze jambo hili kwa wenzangu, kwa maana elimu yake ni ile ile ya mwangwi na mawimbi tunayofundishwa darasani.

Jinsi injini inavyofanya kazi

Injini ya mipigo minne humaliza kazi yake kwa mizunguko miwili ya krenki. Injini ya mipigo miwili humaliza kwa mzunguko mmoja. Tena aina ninayoieleza hapa haina vali juu ya silinda. Ukutani mwa silinda mmekatwa matundu, nayo huitwa milango, na pistoni yenyewe ndiye bawabu: ikipanda huifunga, ikishuka huifungua. Mtindo huu wa kutumia chumba cha krenki kama pampu ulitengenezwa na Joseph Day wa Bath, Uingereza, karibu na mwaka 1890.

Pistoni inapopanda hufanya mambo mawili pamoja. Juu yake hukandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa. Chini yake huvuta mchanganyiko mpya uingie chumba cha krenki. Plagi hutoa cheche, moto huwaka, pistoni husukumwa chini. Katika kushuka hufungua kwanza mlango wa moshi, kisha milango ya kupitishia, na mchanganyiko uliobanwa chini hupanda kuingia silinda.

Hapa ndipo penye taabu. Pistoni inapopanda tena, milango ya kupitishia hufungwa kwanza, na mlango wa moshi hufungwa baadaye. Kwa muda ule mfupi mlango wa moshi u wazi, na mchanganyiko mpya waweza kutoroka nje kabla ya kuwaka. Ni kama mtu ajazaye mtungi uliotoboka ubavuni. Basi fundi afanyeje? Hawezi kuweka kizuizi cha chuma mlangoni, kwa kuwa injini huenda mizunguko 10,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 166 kila sekunde. Jibu lilipatikana katika sauti.

Kazi ya Walter Kaaden

Katika mji wa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, palikuwa na kiwanda cha pikipiki za MZ. Kabla ya vita kiwanda hicho kilikuwa cha DKW. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden alipewa kazi ya kuangalia pikipiki zake za mashindano. Kiwanda hakikuwa na fedha nyingi, wala vyuma bora kama walivyokuwa navyo washindani wake. Lakini Kaaden alikuwa na akili ya kupima. Alitumia osiloskopu kuona jinsi mawimbi yanavyokwenda na kurudi ndani ya bomba la moshi, akabadili umbo la bomba kwa kufuata alichokiona.

Bomba hilo huanza jembamba, kisha hupanuka kama tarumbeta, likawa na tumbo, kisha huwa jembamba tena hata kuishia katika kijibomba kidogo. Mlango wa moshi unapofunguka, wimbi la mgandamizo huondoka kwa kasi. Likifika mahali panapopanuka, sehemu yake hurudi kama wimbi la kufyonza, nalo husaidia kuvuta moshi nje na mchanganyiko mpya ndani. Likifika mahali panapofinyika, hurudi kama wimbi la kusukuma, kwa mfano wa sauti inayogonga mlima na kurudi. Wimbi hili likifika mlangoni kwa wakati wake, huurudisha ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa unatoroka. Mtungi uliotoboka umezibwa kwa mwangwi.

Mwaka 1961 injini ya MZ ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Ukipiga hesabu, ni sawa na farasi 200 kwa kila lita moja ya ujazo, jambo lililowashangaza watu wakati ule. Septemba mwaka huo huo, katika mashindano ya Kristianstad, Sweden, mpanda pikipiki wake Ernst Degner aliikimbia nchi yake, na jamaa zake walivushwa kwa siri kwenda Magharibi. Degner alikwenda kufanya kazi na Suzuki ya Japani, na ujuzi wa Zschopau ukaenda naye. Mwaka 1962 alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50 akiwa na Suzuki. Kaaden hakuondoka. Alibaki Zschopau, akafa mwaka 1996, na mabomba yanayofanana na yake yameenea duniani kote.

Hesabu ya bomba

Sasa tutafute urefu wa bomba. Twahitaji mambo matatu: mlango wa moshi hukaa wazi kwa nyuzi ngapi za mzunguko wa krenki, injini itakwenda mizunguko mingapi kwa dakika, na kasi ya wimbi ndani ya moshi wa moto. Katika hewa ya kawaida sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, lakini katika joto la bomba huenda kasi zaidi, na mafundi huanza hesabu zao na mita 520 hivi.

Tuseme mlango hukaa wazi nyuzi 180, na mizunguko ni 10,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja una nyuzi 360, kwa hiyo krenki hupita nyuzi 60,000 kwa sekunde. Nyuzi 180 huchukua sekunde 0.003. Kwa muda huo wimbi husafiri mita 1.56. Lakini lazima liende na kurudi, basi tugawanye kwa mbili: mita 0.78. Huo ndio urefu wa kuanzia, kutoka usoni mwa pistoni hata katikati ya sehemu inayofinyika.

Chukua injini hiyo hiyo kwa mizunguko 6,000. Nyuzi 180 sasa huchukua sekunde 0.005, lakini wimbi bado hurudi baada ya sekunde 0.003. Limerudi mapema, moshi ungali unatoka, nalo huusukuma moshi ndani. Ndiyo sababu pikipiki hizi huwa dhaifu katika mwendo mdogo, kisha ghafula huruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Hakuna bomba moja linalofaa kwa kila mwendo. Mwenye kutaka nguvu juu lazima akubali kuikosa chini.

Kazi ya nyumbani

Katika Ujerumani, Uholanzi, Italia na Uingereza wako watu wengi wanaozitengeneza injini hizi nyumbani kwa jiliwa, tupa, msasa na spana chache. Walio hodari hufuata taratibu.

Kwanza, wao hupima kabla ya kugusa. Hufunga duara la nyuzi kwenye ncha ya krenki, hutafuta mahali pistoni inapofika juu kabisa, kisha huandika kila mlango hufunguka na kufungwa kwenye nyuzi ngapi.

Pili, hupiga tupa kidogo kidogo. Katika injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 40 na mkono wa krenki wa milimita 80, kuinua ukingo wa juu wa mlango wa moshi kwa milimita 1 tu, ikiwa mlango ulikuwa wazi kwa nyuzi 150, huongeza karibu nyuzi 6. Milimita 1 yaonekana si kitu machoni, lakini chuma kilichoondoka hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya kupiga tupa, kingo za mlango husuguliwa ziwe laini, ili ringi ya pistoni isinase ikavunjika.

Tatu, hupima ujazo wa kichwa cha silinda. Pistoni ikiwa juu kabisa, humimina mafuta kwa bureti kupitia tundu la plagi hata yajae. Ikiwa injini ni ya sentimita za ujazo 50 na mafuta yaliyoingia ni sentimita 5, basi mgandamizo ni 55 kwa 5, yaani 11 kwa 1. Akikichonga kichwa hata zibaki sentimita 4, utakuwa 54 kwa 4, yaani 13.5 kwa 1. Nguvu huongezeka, lakini na joto huongezeka, na petroli hafifu huweza kulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni.

Nne, hurekebisha kabureta. Huanza na jeti kubwa, yaani petroli nyingi, kisha hushuka hatua moja moja na kuitazama plagi. Plagi nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli nyingi. Ya rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe ni hatari, petroli haitoshi na injini inaungua.

Hatari

Injini hii hulainishwa na mafuta yaliyochanganywa na petroli. Kwa kipimo cha 20 kwa 1, lita 5 za petroli zataka mililita 250 za mafuta. Wengine hudhani kuongeza mafuta ni salama sikuzote. La! Mafuta yakizidi, petroli inayopita katika jeti hupungua, na injini yaweza kupata joto zaidi. Mwenye kubadili kipimo lazima aitazame jeti yake upya.

Joto likizidi pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma hufunga ghafula, na mpandaji huanguka asijue limetokea nini. Kwa hiyo wapanda pikipiki wa mashindano huweka vidole karibu na klachi wakati wote. Tena mahali pa injini hizi ni uwanja wa mashindano, mbali na barabara ya watoto na akina mama waendao sokoni.

Hapa kwetu pikipiki nyingi za bodaboda leo ni za mipigo minne, na hesabu ya bomba niliyoieleza haizifai. Mipigo miwili twaiona katika misumeno ya kukatia miti na katika injini nyingi za mashua za wavuvi. Nazo tusiziguse kwa tupa. Mvuvi haombi injini yenye nguvu katika mwendo mmoja tu. Aomba injini itakayomrudisha pwani jioni.

Moshi wa mafuta na petroli iliyotoroka vilifanya injini hizi zikataliwe pole pole. Mashindano ya dunia ya pikipiki za sentimita 125 yalikwisha mwaka 2011, na mwaka 2012 mahali pake pakachukuliwa na injini za mipigo minne. Lakini elimu yake haikufa. Kaaden alikosa vyuma vizuri, hakukosa kipimo. Sisi nasi twalalamika mara nyingi kwamba maabara yetu haina vyombo. Kalamu, karatasi na kipimapembe tunavyo, na kwa hivyo vitatu mwanafunzi aweza kujua urefu wa bomba kabla fundi hajakata bati. Anayetoboa bomba apate kelele hana hata hicho kidogo, kwa kuwa hakupima kitu.

Zoezi: Mlango wa moshi hukaa wazi nyuzi 190, na injini huenda mizunguko 9,500 kwa dakika. Kasi ya wimbi ni mita 520 kwa sekunde. Tafuta urefu wa bomba. (Jibu: sentimita 87, kasoro kidogo.)

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne