Vita Vilikwisha Lini?

Tangu skuli hapa Pemba tumekariri: Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilimalizika 11 Novemba 1918. Wenzangu, kabla hujaijaza karatasi ya mtihani, jiulize kwanza: vilimalizika wapi, na kwa nani?

Siku ile kule Ufaransa ilisainiwa hati ya kusimamisha mapigano, si mkataba wa amani. Huku kwetu Jenerali von Lettow-Vorbeck hana habari. Tarehe 13 askari wake wako Kasama, Zambia ya leo. Aliweka silaha chini Abercorn, ambayo siku hizi ni Mbala, tarehe 25. Wiki mbili nzima! Mpagazi aliyekufa na mzigo kichwani ndani ya siku hizo, tumwandike kafa vitani au kafa wakati wa amani? Mimi nasema vitani, tena bila kusita.

Kisheria ndo kabisa. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini 28 Juni 1919, ukaanza kufanya kazi 10 Januari 1920. Hapo ndipo Ujerumani ilipoliachia rasmi koloni lake, Tanganyika ya baadaye. Na mishahara ya askari wake weusi? Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malimbikizo hayo 1964, kwa wazee waliokuwa bado hai.