Programu Ijaribiwe kwa Mifano ya Mwananchi

Mama muuza mboga analipa ushuru wa soko asubuhi kwa simu. Saa sita mchana afisa wa ushuru anapita, na kifaa chake kinaonyesha kwamba mama huyo hajalipa. Kosa kama hili mara nyingi huwa limeanza zamani, pale walioandika programu na wanaoitumia waliposhindwa kuelewana mapema inapaswa kutenda nini.

Ipo njia ya kuzuia kosa hilo. Dan North, mtaalamu wa programu kutoka Uingereza, aliieleza katika makala aliyochapisha mwaka wa 2006. Njia hii huongozwa na tabia ya programu, yaani jinsi inavyotenda mtu anapoitumia. Hatua za kuanza ni hizi:

1. Watu wa pande tatu wakae pamoja: anayeijua kazi, anayeandika programu na anayeijaribu.

2. Wachukue kanuni moja tu, kwa mfano: "Ushuru hulipwa mara moja kwa siku katika kila soko." Kisha waulizane maswali. Je, mchuuzi akihamia upande mwingine wa soko hilo? Je, mtandao ukipotea baada ya pesa kukatwa? Je, jioni akienda soko la pili?

3. Kila jibu liandikwe kwa lugha ya kawaida, katika sehemu tatu:

Ikiwa mchuuzi amelipa Sh50 saa moja asubuhi,
Na afisa akikagua namba yake saa sita mchana katika soko lilo hilo,
Basi kifaa kionyeshe "Amelipa" na kisidai pesa tena.

4. Mfano huo ugeuzwe kuwa jaribio kabla programu haijaandikwa. Mwanzoni jaribio litafeli, kwa kuwa hakuna kilichoundwa bado. Mwandishi wa programu ataendelea na kazi hadi lipite. Zana kama Cucumber husoma sentensi za aina hii, na mwandishi huunganisha kila sentensi na programu yenyewe. Baadaye, kila programu inapobadilishwa, mifano yote hujaribiwa upya, ili marekebisho ya leo yasiharibu kilichokuwa sawa jana.

Mfano mzuri hutaja kiasi, saa na tokeo. "Mfumo ufanye kazi vizuri" si mfano, kwa sababu hakuna awezaye kuupima.

Hata hivyo, njia hii haiwezi kupima jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Kuhusu mtandao unaopotea, anayelijua vyema ni mchuuzi aliyewahi kukatwa pesa bila kupata risiti. Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kwa hiyo, mfumo mpya unapojadiliwa katika kikao cha kukusanya maoni, mkaazi anaweza kuleta mfano wake katika sentensi hizo tatu: ikiwa, na, basi.