Mahakama Inapoyahalalisha Mapinduzi

Swali: Msomaji wa Rusizi anauliza ni vipi serikali iliyoingia kwa mtutu wa bunduki hupata uhalali mahakamani.

Jibu: Kesi inayofunza zaidi katika Afrika Mashariki ni ya Michael Matovu, chifu wa Buganda aliyewekwa kizuizini, ambayo Mahakama Kuu ya Uganda iliitolea hukumu mwaka 1967, baada ya Waziri Mkuu Milton Obote kuifuta Katiba ya 1962 na jeshi kulivamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake waliegemea nadharia ya mwanafalsafa wa sheria Hans Kelsen, isemayo kwamba kila mfumo wa sheria husimama juu ya kanuni moja ya msingi, na kwamba mapinduzi yakifaulu, yaani watawala wapya wakitiiwa, kanuni hiyo hubadilika. Kwa hiyo Katiba ya 1966, iliyochukua nafasi ya ile ya 1962, ikahesabiwa halali. Udhaifu wa hoja hiyo ni mkubwa, kwa kuwa Kelsen alieleza namna sheria zinavyobadilika bila kumtwika jaji wajibu wa kuzibariki, na utii unaozaliwa na hofu si ridhaa. Mahakama ya Juu ya Pakistan, ambayo uamuzi wake wa 1958 wa kuyatambua mapinduzi ulifuatwa na majaji wa Uganda, iliukana yenyewe mwaka 1972.

Nchini Rwanda njia ilikuwa nyingine: Juvénal Habyarimana alipotwaa madaraka Julai 1973, mahakama ya kijeshi ndiyo iliyomhukumu kifo Rais aliyepinduliwa, Grégoire Kayibanda, mwaka 1974, ingawa adhabu hiyo ilipunguzwa baadaye.