Dondoo Muhimu: Anwani za Vyombo Mtandaoni

Kila chombo kilichoungwa na mtandao, kiwe simu, kompyuta au printa, hakina budi kuwa na anwani, nayo kwa desturi ya zamani ni nambari nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja ikiwa baina ya 0 na 255. Zianzazo na 192.168, au na 10, ni za mtandao wa ndani tu, kama ule wa nyumbani, kwa hiyo usistaajabu jirani yako akiwa nayo ile ile uliyo nayo wewe. Lililo baya ni vyombo viwili vya nyumba moja kugombea anwani moja. Basi printa, ambayo sharti ipatikane mahali pale pale kila siku, itengee anwani yake ya daima katika ruta (chombo kigawacho anwani nyumbani), nawe uiandike daftarini (mimi nilitegemea kumbukumbu, nikajuta).

Na ukiona anwani ianzayo na 169.254, usiilaumu kampuni ya intaneti kabla ya kutazama waya na ruta, kwani aghalabu hiyo ni dalili kwamba chombo kiliomba anwani kisijibiwe, kikajipa chenyewe.

Anwani hizi za nambari nne hazizidi bilioni 4.3, nazo takriban zote zimekwisha gawanywa. Ndiyo sababu zikazuka zile ndefu zenye herufi na nukta pacha, ambazo usizizime kwa kuogopa sura zake.