SOMO LA WIKI: Programu kuukuu ni deni lisiloandikwa vitabuni

Mfanyabiashara anayenunua mashine ya kusaga huuliza kwanza kama vipuri vyake bado vinapatikana sokoni. Anayenunua programu ya kompyuta ya kutunzia hesabu za duka mara nyingi hauliza bei tu. Wiki hii somo linaeleza jinsi matoleo ya zamani ya lugha za kuandikia programu yanavyoondolewa katika maghala ya programu, na ni nani anayebeba gharama.

Ghala la programu ni nini?

Ni mahali kwenye intaneti panapohifadhiwa programu zilizofungwa tayari kama vifurushi. Mwenye kompyuta huagiza kifurushi kimoja, nacho huja na vingine kinavyovitegemea. Mfano ni ghala la Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1993 na unaotunzwa na watu wanaojitolea.

Toleo la lugha likiachwa na watengenezaji wake, mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaigundua haizibwi tena. Ghala linaloendelea kuligawa toleo hilo ni sawa na muuza dawa anayeacha rafuni dawa zilizokwisha muda.

Mfano wa Python

Python ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na programu nyingi zilizoandikwa kwa toleo la 2 hazikuweza kufanya kazi humo bila marekebisho. Toleo la 2.7 lilipangwa kukoma mwaka 2015. Mwaka 2014 tarehe hiyo ilisogezwa hadi 2020, kwa kuwa wengi walikuwa hawajahama. Januari 1, 2020 muda ukaisha, na toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatolewa Aprili mwaka huo.

Wasomaji wa Kenya wanaikumbuka noti ya zamani ya Sh 1,000. Tangazo la kuiondoa lilitolewa Juni 1, 2019, na Septemba 30 mwaka huo ikakoma kutumika. Miezi 4 ilitosha. Kwa nini Python ilihitaji zaidi ya miaka 11?

Jibu ni kwamba noti ya zamani hubadilishwa kwa mpya na thamani hubaki ileile. Programu haina dirisha la benki la kuibadilishia. Lazima mtu alipwe, asome mstari kwa mstari, arekebishe, kisha ajaribu.

Hatari iliyojificha katika hesabu

Tuseme kilo 7 za sukari zinagawanywa katika mifuko 2. Katika Python 2, 7 gawa kwa 2 ni 3, kwa sababu namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima sehemu inayobaki hutupwa. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Kilo ikiuzwa Sh 3,000, mifuko 2 ya kilo 3 inaonyesha Sh 18,000 vitabuni badala ya Sh 21,000.

Python 3 nayo ina jambo la kuangaliwa. Ikiambiwa ikadirie 2.5 kwenye namba nzima, hutoa 2, kwa kuwa nusu kamili hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Python 2 hutoa 3. Katika hali zote hizi kompyuta haitoi onyo lolote. Mwenye duka atagundua siku ya kufunga hesabu, kama atagundua.

Ghala linavyosafishwa

Mwaka 2019 watunzaji wa Debian walifungua taarifa za kasoro dhidi ya vifurushi vilivyoitegemea Python 2. Kazi ilianzia juu: kwanza vifurushi visivyotegemewa na kingine, kisha vilivyo chini yake, hadi kufikia lugha yenyewe. Kuanza na lugha kungeangusha vyote kwa pamoja. Debian 11 ya Agosti 2021 bado ilikuwa na Python 2.7 kwa matumizi machache. Debian 12 ya Juni 2023 haikuwa nayo tena.

Wasiotaka kuhama walikuwa na njia nyingine, nayo ni kulipia muda. Kampuni ya Red Hat iliendelea kuitunza Python 2.7 kwa wateja wake katika toleo la 7 la mfumo wake hadi Juni 2024. Hata huko siku ilifika.

Mwekezaji afanye nini?

Habari njema ni kwamba kalenda inajulikana mapema. Tangu Python 3.9 ya Oktoba 2020, toleo jipya hutoka kila mwaka na hutunzwa kwa miaka 5. Toleo la 3.13 lililotoka Oktoba 2024 linakoma Oktoba 2029. Kuhama kutoka toleo moja la 3 hadi jingine ni kazi ndogo kuliko ile ya kutoka 2, lakini si bure.

Chukua wauzaji wawili. Wa kwanza anataka Sh 6,000,000, na toleo alilotumia limebakiza mwaka 1. Wa pili anataka Sh 7,000,000, na lake limebakiza miaka 5. Ikiwa kuhamisha kutagharimu Sh 2,000,000, bei halisi ya wa kwanza ni Sh 8,000,000, na tofauti hiyo italipwa mwakani.

Kabla ya kutia saini, mnunuzi aulize:

1. Programu imeandikwa kwa lugha gani, na toleo gani?
2. Toleo hilo linakoma kutunzwa lini?
3. Nani atalipia kuhamisha, na je, imeandikwa katika mkataba?
4. Je, mnunuzi atakabidhiwa maandishi asilia ya programu, muuzaji asipopatikana?

Aliyekwisha nunua naye atenge fungu kila mwezi, kama anavyotenga fedha za kununua gari jipya wakati la zamani bado linatembea. Kwa kuwa tarehe haisogei kwa kusahauliwa, dawa ya deni ni kulipa.