Mgonjwa wa kiharusi akisimama, fizio anaangalia nini?

Mzee akirudishwa nyumbani Katito, huku Nyakach, baada ya kulazwa kwa kiharusi, swali linaloulizwa na kila jirani ni moja: atatembea lini? Ni swali la haki. Mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye wengi wetu tunamwita fizio tu, hulianzia mbali zaidi. Kabla ya kutembea kuna kusimama, na kabla ya kusimama kuna kukaa bila kuegemea. Mtu anaweza kuinua mguu vizuri akiwa amelala kitandani, lakini akisimamishwa akaanguka, kwa sababu nguvu ya mguu ni jambo moja na kuusawazisha mwili ni jambo jingine. Ndiyo maana nawasihi jamaa wa mgonjwa wasiharakishe kumtembeza uani kabla usawa wake haujapimwa.

Mwili hujizuia usianguke kwa kutegemea taarifa kutoka kwa macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Ubongo huzipokea zote, kisha huamuru misuli ikaze hapa na ilegee pale. Kiharusi kinaweza kuharibu njia yoyote kati ya hizo. Kazi ya fizio ni kutafuta ni ipi iliyoharibika, na anaianza mapema kuliko mgonjwa anavyodhani: anatazama alivyoshuka kwenye matatu, nani amemshika, na amemshika wapi. Pia hupima shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, kwa kuwa shinikizo likishuka ghafla mtu hupata kizunguzungu, na hapo huenda tatizo likawa dawa zinazohitaji kuangaliwa upya na daktari.

Kipimo cha kukaa hufanyika kwenye benchi au kitanda kisicho na kiegemeo, nyayo zote zikigusa sakafu. Fizio huangalia kama uzito umelala sawa kwenye makalio yote mawili, kisha humwomba mgonjwa anyooshe mkono achukue kitu kilichowekwa mbele, halafu kando. Hapa ndipo huonekana jambo linalowachanganya watu wa nyumbani. Wapo wagonjwa wanaotumia mkono na mguu mzima kujisukuma kuelekea upande uliopooza, na ukijaribu kuwanyoosha wanakataa kwa nguvu. Jamaa husema mzee amekuwa mkaidi. Si ukaidi. Ubongo wake unamwambia kwamba akikaa wima ataanguka, na kwamba pale alipoinama ndipo sawa. Mgonjwa wa namna hii hasaidiwi kwa kuvutwa wala kwa kukaripiwa. Husaidiwa kwa kuonyeshwa kitu kilichosimama wima, kama mwimo wa mlango, ajipange nacho kwa macho, na kwa kufundishwa kuhamishia uzito upande ulio mzima.

Akishaweza kukaa, vipimo vya kusimama hufuata. Kinachotumika sana duniani kinaitwa Berg, kwa jina la Katherine Berg wa Kanada aliyekitunga na wenzake mwaka 1989. Kina kazi 14, kila moja ikipewa alama 0 hadi 4, kwa hiyo jumla ni 56. Kazi zenyewe ni za kawaida: kuinuka kitini bila kutumia mikono, kusimama dakika 2 bila kushikwa, kufumba macho kwa sekunde 10, kuokota slipa iliyo sakafuni, kugeuka kutazama nyuma, kuzunguka mduara mzima, kupandisha miguu kwa zamu juu ya kibao, na mwisho kusimama kwa mguu mmoja. Kwa desturi, anayepata chini ya 45 huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya kuanguka. Lakini msiishike namba hiyo peke yake. Mwulizeni fizio ni kazi zipi mgonjwa alizokosa. Aliyekosa alama akifumba macho anategemea macho kujisimamisha, kwa hiyo usiku taa ikizimwa yuko hatarini. Aliyekosa kwenye kuzunguka asigeuke haraka akiwa amebeba chai ya moto.

Kipo kingine kifupi kinachohitaji kiti na saa tu. Mgonjwa huinuka, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi, akitumia mkongojo wake kama kawaida. Fizio huhesabu sekunde, lakini macho yake yako kwenye ule mgeuko: anahesabu mgonjwa anachukua hatua ngapi, na kuona kama mguu dhaifu unajikwaa kwa vidole. Pia hupima umbali ambao mgonjwa anaweza kunyoosha mkono mbele bila kusogeza miguu. Anayeshindwa kufika sentimita 15 anahitaji uangalizi wa karibu.

Sasa, vipimo hivi havina choo cha shimo. Wala havina tope jeusi la Nyakach ya chini ambalo mvua ikinyesha hunata kwenye slipa kiasi cha kumfanya hata kijana ateleze, wala kigoda kifupi cha jikoni, wala kupanda boda boda kutoka sokoni Katito. Fizio aliye hospitalini Kisumu hawezi kuyajua hayo msipomwambia. Mwelezeni choo kiko umbali gani, kama mgonjwa anachuchumaa au ana kiti, kama kuna ngazi mlangoni, na nani huwa naye mchana. Mkiwa na simu, pigeni picha za njia hiyo mumwonyeshe. Mazoezi mazuri hutokana na maelezo kama hayo, na mara nyingi suluhisho ni fundi wa hapo kijijini: kiti kilichotobolewa katikati kiwekwe juu ya shimo, na nguzo imara ya kushikilia upande wa mkono mzima.

Siku ya kliniki mvalisheni viatu vinavyobana kisigino, na suruali inayoweza kupandishwa magoti yaonekane. Bebeni miwani yake, mkongojo wake, dawa zote anazomeza, na daftari. Andikeni tarehe na alama alizopata. Tofauti ya alama 1 au 2 isiwafurahishe wala kuwavunja moyo, kwani inaweza kutokana na uchovu wa safari. Tazameni mwelekeo wa wiki nyingi.

Nyumbani, msijaribu vipimo vya kufumba macho au kusimama kwa mguu mmoja. Hospitalini fizio husimama upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono wake ukiwa karibu na nyonga bila kumgusa, tayari kudaka. Nanyi mkimsindikiza simameni hivyo hivyo. Msimvute kwa mkono uliopooza hata mara moja. Bega lake limelegea, na linaweza kuteguka na kumwachia maumivu ya miezi.

Wataalamu wa fiziotherapia wako katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia, na katika hospitali ya kaunti mjini Kisumu. Kituo cha afya kilicho karibu nanyi kinaweza kuwaelekeza mahali palipo jirani zaidi. Akija mtu nyumbani kwa malipo, mna haki ya kumwomba leseni: sheria ya mwaka 2014 inamtaka awe amesajiliwa na baraza la taaluma yake.

Na mgonjwa aliyekuwa akisimama vizuri akianza ghafla kuyumba, uso ukapinda, maneno yakakwama, au akashikwa na kichwa kikali asichowahi kukijua, msingoje siku ya kliniki. Tafuteni gari saa hiyo hiyo, na mkumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari atawauliza hilo kwanza.